Siku Bi Chui Alipokuja Kumremba Pimbi

Paukwa.

Pakawa.

Mlango?

Tumeufunga.

Na mgeni?

Bado anabisha.

Basi mwacheni abishe kidogo, niwasimulie ya Pimbi na mgeni wake.

Hapo kale, juu ya jabali refu, aliishi Pimbi na wanawe. Nyumba yao ilikuwa pango lenye mlango mmoja. Mbele palikuwa na sebule, na nyuma ya sebule palikuwa na ufa mwembamba mwambani, ndimo walimolala watoto. Pimbi alikuwa mdogo, miguu mifupi, mkia hana, lakini kwa kujiremba hakuwa na mwenzake. Alikuwa na kipande cha kioo na kitana cha moto. Kila mvua ilipomtimua nywele aliwasha jiko, akapasha kitana, akajinyoosha mwenyewe hapo hapo nyumbani. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho ni rangi ya kucha.

Alikuwa na rafiki, jina lake Kanga. Siku moja Kanga alipita akitembea kwa madaha, akamwambia kwamba amepata shoga mpya mwenye rangi za kila namna, na kwamba alasiri ile anakwenda kupakwa vidole vyote. Pimbi alimuuliza shoga huyo ni nani, Kanga akacheka tu. Tangu alasiri ile hakuonekana tena. Pimbi aliulizia huku na huku. Wengine walisema amehama, wengine walisema labda amepata mchumba.

Asubuhi moja Pimbi akasikia kitu kinapanda jabali. Kwaru, kwaru, kwaru. Jabali lile lilisimama wima kama ukuta. Pimbi na wanawe walilipanda kwa sababu nyayo zao zinanata, na mnyama mwingine asingelipanda bila kucha ndefu za kung'ang'ania. Pimbi akawasukuma watoto ufani. Kabla hajawafuata, kivuli kikajaa mlangoni.

Alikuwa Bi Chui, kabeba kikapu.

"Hodi, shoga. Nimekuja kukuremba."

"Shikamoo, Bi Chui," akasema Pimbi. "Karibu."

Akacheka kwa mdomo. Moyoni hakucheka.

Bi Chui akaketi pale pale mlangoni, mwili wake ukauziba mlango wote. Akaanza kueleza kwamba amechoka na uadui wa majirani, kwamba yaliyopita yamepita, na kwamba ameona alete zawadi. Akatoa vichupa kimoja kimoja, akavipanga sakafuni. Nyekundu, zambarau, kijani, na kimoja cha rangi ya dhahabu kilichomeremeta mpaka Pimbi akasahau kupumua. Kisha akatoa rola za nywele, na kichupa cha dawa ya kutolea rangi.

"Ila rangi ina sharti," akasema Bi Chui. "Ukishapakwa unakaa kimya. Vidole unavitanua, husogei, hukimbii, mpaka ikauke. Na watoto waite. Inatutosha sote."

Mate yakamshuka kooni. Gudu.

Pimbi akacheka kwa mdomo. Moyoni hakucheka. Alijiuliza, mbona mgeni amekaa mlangoni wakati mkeka uko ndani? Mbona anayemiliki rangi zote hizi kucha zake mwenyewe hazina hata tone? Na mbona anameza mate, kwani rangi inaliwa?

Akaokota kichupa chekundu, kana kwamba anachagua. Kilikuwa kimetumika, kimebaki nusu. Akakifungua. Kwenye brashi, katikati ya rangi iliyoganda, pamenata kijinyoya cheusi chenye madoa meupe.

Pimbi alikijua kijinyoya kile. Akakifunga kichupa polepole, akasema kwamba rangi ni nzuri.

Angeweza kuruka ufani. Mkono wa Bi Chui usingemfikia humo. Lakini wakati wa kiangazi kikali Bi Chui aliwahi kukaa mlangoni pale hivyo hivyo, akawangojea, mpaka kitinda mimba wa Pimbi akakosa hata nguvu ya kulia. Mvua ndiyo iliyomwondoa Bi Chui. Safari hii mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu.

Basi Pimbi akaketi karibu na mgeni wake, karibu kuliko alivyotaka.

Akamwambia kwamba yeye ana vijikucha bapa, vifupi, rangi haionekani vizuri. Angependa kwanza aione kwenye kucha ndefu, kucha za mtu mzuri, ndipo achague. Bi Chui akasita. Akamtazama Pimbi, akakitazama kioo, akajitazama ndani ya kioo.

"Utanipaka rangi gani?"

"Yoyote utakayo."

"Zote," akasema Bi Chui. "Nipake zote."

Akachomoa kucha zake, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa ndefu kuliko mkono wa Pimbi. Pimbi akapaka. Akapaka nyekundu, juu yake zambarau. Akapaka kijani, juu yake dhahabu. Kila alipotaka kuacha Bi Chui alisema ongeza, naye akaongeza, mpaka kila ukucha ukanenepa kama kidole. Alipomaliza mikono akapaka na miguu.

"Zitakauka lini?" Bi Chui akauliza. Tumbo lake likanguruma.

"Zikikaa nje zitachukua mchana kutwa," akasema Pimbi. "Ukizirudisha ndani, joto la mwili linazikausha upesi."

Bi Chui akamkazia macho. Pimbi naye akayakaza macho yake kwenye kichupa, akikifunga, kama mtu asiyejali atajibiwa nini. Mgeni alikuwa na wasiwasi, lakini alikuwa na njaa zaidi. Akazirudisha kucha ndani ya ala zake, mbichi vile vile. Natu, natu, natu, zikanata.

Sasa Pimbi alihitaji muda. Akasema masharubu ya Bi Chui yamelala, hayafai kuonekana na rangi kama zile. Akayaviringisha kwenye rola, upande huu, na upande ule. Akachochea mkaa jikoni, akaweka kitana motoni, akasema ni kwa ajili ya kunyoosha ncha ya mkia. Akaongea bila kukoma, habari za mvua, habari za nywele, huku masikio yake yakisikiliza watoto wanavyohema ufani.

Mwishowe Bi Chui akasema, "Imetosha. Waite watoto."

"Rangi yako haijakauka, Bi Chui."

"Nimesema waite."

Hakungoja jibu. Akainua mkono akampiga Pimbi. Pwaa. Mkono ukatua laini kama mto wa kulalia, Pimbi akateleza chini yake. Bi Chui akavitazama vidole vyake. Akavikunja, akavinyoosha, akavitikisa. Ukucha hata mmoja haukutoka.

Pimbi hakumpa nafasi ya kufikiri. Akatoa kitana motoni, akakilaza juu ya mkia.

Chwiii.

Moshi wa nywele ukajaa pangoni. Bi Chui akaruka kinyumenyume. Masharubu yaliyomwonyesha siku zote upana wa njia yalikuwa yamejikunja kwenye rola, basi akagonga kichwa kwenye mwamba, gu, akatoka nje akiwa haoni mbele. Akaupapasa mwamba ajishike. Atajishika kwa kucha zipi? Sererere, sererere, mpaka chini, akatua kwenye kichaka cha miiba.

Baadaye alirudi mara kwa mara pale chini. Alipanda akateleza, alipanda akateleza. Mwisho akasimama kwa adabu, akaomba arushiwe ile dawa ya kutolea rangi.

Pimbi akachungulia kutoka juu. "Kanga yuko wapi?"

Bi Chui akatazama pembeni. Akasema kwamba mara ya mwisho walipoonana, Kanga alikuwa mzima.

Pimbi akarudi ndani. Watoto wake aliwapaka rangi ya dhahabu, akawaachia wakimbie hovyo kabla haijakauka, wakachafua nyumba nzima, naye hakuwagombeza. Kichupa chekundu hakukitumia. Alikizika chini ya mti ambako Kanga alikuwa akichakura.

Naye Bi Chui, msimu ule mzima, alikula panzi. Aliyekutana naye aliambiwa kwamba amepunguza nyama kwa ushauri wa daktari.

Na funzo lake, wanangu, ni kwamba tuache kuwadhania wageni vibaya. Bi Chui alisema Pimbi atapata rangi, na rangi akapata. Alisema watoto watarembwa, na wakarembwa. Aliahidi jambo gani asilolitimiza? Kwa hiyo mtu akibisha mfungulieni bila maswali, hasa akija na kikapu.

Hadithi yangu imekauka, sasa mnaweza kuigusa. Aliyeipenda aende nayo kwake. Asiyeipenda anirudishie, lakini apige hodi kwa mbali, nami nitamchungulia kwanza.