Shikamoo ya Nyuma ya Mlango

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa mlio wa maji yanayomiminwa na mtu asiyetaka kusikika, wapendwa, mnaujua ule, mtu anainamisha ndoo mpaka mdomo wake unagusa ukingo wa pipa, maji yanateremka ubavuni taratibu, hayapigi kelele, yananong'ona tu. Ilikuwa saa nane usiku. Na ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliotiwa komeo na kisha ukaegemezwa kinu, alikuwa amesimama mama mmoja kijana, mtoto wa wiki sita begani, miguu mitupu sakafuni, anasikiliza, na mwili wote umemsisimka kwa sababu alijua kabisa, bila shaka hata kidogo, kwamba hapo nje amesimama malaika.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana mtasema mama huyo alikuwa amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Aliogopa tu, na woga wa mama mwenye kichanga si jambo la kucheka.

Ulikuwa mwaka ule wa korona. Mume wake alikuwa kazini mji mwingine, wakakubaliana kwenye simu kwamba asije mpaka hali itulie. Nyumbani akabaki yeye, mtoto wa miaka minne, yule mchanga, na mama mkwe wake aliyekuja kumsaidia uzazi. Na mama mkwe huyo, semeni mtakavyo juu ya wakwe, alikuwa amemsaidia kweli. Alimkanda kwa maji ya moto, alimpikia uji wa pilipili manga, alimwogesha mtoto kila asubuhi akimpaka mafuta na kumnyoosha miguu na kumwimbia majina ya ukoo mzima mpaka mtoto anasinzia kabla majina hayajaisha. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, wa kushoto, ulivunjika zamani ukaungwa vibaya, kwa hiyo alikuwa akitembea kwa kuuburuta. Lakini mikono yake ilikuwa mizima.

Kisha ukaja msiba. Kaka yake mama mkwe akafariki kijijini, na dada mtu haachi kumzika kaka yake, korona au si korona, akaenda. Siku nne. Aliporudi, habari zilikuwa zimeshamtangulia kwenye simu, kwamba watu wawili waliokaa kwenye ule msiba wamelazwa na wanapumulia mashine. Mama yetu kijana akasimama mlangoni, mtoto kifuani, akamwambia mkwe wake, ambaye bado alikuwa na vumbi la safari na mfuko wa ndizi mkononi, bila kumsalimu, kwamba asiingie, akae kule stoo ya mahindi siku kumi na nne, atapelekewa kila kitu. Mkwe hakubishana. Aliuliza tu kama ndizi aziache hapo mlangoni. Akaambiwa aende nazo.

Ninyi mngefanyaje? Semeni ukweli mioyoni mwenu. Mngempa mtoto wa wiki sita aogeshwe?

Mimi simlaumu kwa kumtenga. Walituambia tutengane, na kutengana kulikuwa kinga. Nawasimulia kuhusu kitu kingine, kidogo sana, kilichoingia hapo hapo kwenye kutengana kikajificha. Mama huyo aliacha salamu. Alijiambia kwamba salamu inabeba pumzi, na pumzi inabeba ugonjwa, kwa hiyo kila alipopeleka chakula alikiweka juu ya tofali katikati ya ua, akarudi hatua nyingi, akagonga sahani ya bati kwa kijiko, ngo ngo ngo, akaingia ndani. Hakusema "mama." Hakusema "shikamoo." Ngo ngo ngo, kama mtu anayeita kuku. Na ndani ya stoo mama aliyemzaa mume wake aliisikia ile bati, akatoka akiburuta mguu, akachukua ugali wake.

Sasa ile stoo ilijengwa imeegemea nyumba, ukuta mmoja wa matofali ya udongo, ng'ambo hii chumba cha kulala, ng'ambo ile mahindi. Na fundi alipofika juu matofali yalimwishia, kwa hiyo ukuta haukufika kwenye bati. Ulibaki upenyo wa shubiri moja hivi. Kupitia huo upenyo mama kijana alisikia, usiku wa tatu, kikohozi.

Inawezekana lilikuwa vumbi la mahindi. Inawezekana ulikuwa ule ugonjwa. Mpaka leo hakuna anayejua. Lakini yeye alikisikia, na siku hiyo hiyo maji yalikuwa yamemwishia. Hapo nje mlangoni kulikuwa na pipa dogo la plastiki, linalomeza ndoo tatu, na jioni alikuwa amelikwangua kwa kikombe mpaka chini. Bomba la mtaa lipo bondeni, mgao unaleta maji saa saba usiku, na huwezi kumwacha mchanga na wa miaka minne usiku ukashuka bondeni kupanga foleni na watu ambao hujui nani amebeba nini. Nepi zimejaa beseni. Mikono ya kunawa. Tuliambiwa tunawe, tunawe, tunawe, na maji je?

Akapiga magoti kando ya kitanda akaomba, na sisi watu wa kanisa hili mnatujua tunavyoomba, hatuombi moyoni, tunaomba kwa sauti ili Mungu asisingizie kwamba hakusikia. Akaomba mambo mawili. La kwanza alisema, "Bwana, nipe maji, sina wa kunichotea." La pili alilisema akilia, nalo nalileta kama lilivyosemwa, msishtuke. Alisema, "Na huyu mama uniondolee, Bwana, kabla hajawaua wanangu."

Akalala. Asubuhi alipofungua mlango, pipa limejaa.

Limejaa, wapendwa. Vidole vinne kutoka ukingoni. Maji masafi, na angani hakuna hata wingu, kwa hiyo msiniambie mvua. Akachovya mkono akautoa upesi kama aliyegusa kitu kisicho chake. Akatazama njia, hakuna mtu. Akatazama stoo, mlango umefungwa, na kwanza stoo kulikuwa na mgonjwa mwenye mguu mbovu ambaye kufika kwenye tofali la katikati ya ua tu ilikuwa safari. Nani basi?

Usiku wa pili, limejaa. Wa tatu, limejaa. Akamweleza jirani wa ng'ambo ya uzio, wamesimama mbali mbali na barakoa zao, na jirani akasema huo ni muujiza na asithubutu kuuchungulia, kwamba muujiza ukichunguliwa unakatika kama maziwa ya ng'ombe aliyepigwa. Kisha jirani akaomba ajaziwe chupa moja ya soda, ya kupaka goti.

Na yule mama akatii. Hakuchungulia. Usiku alikaa macho anasikia yale maji yakinong'ona ubavuni mwa pipa, na kila yaliponong'ona alijisikia mdogo sana, mdogo kuliko hata yule mtoto aliyembeba, kwamba Mungu mwenye dunia nzima inayougua, mwenye wafalme na mahospitali yaliyofurika, anamtuma mtumishi wake kumjazia pipa la kufulia nepi. Alilia kwa kushukuru. Alimwambia mume wake kwenye simu kwamba wasiogope tena, wameonekana. Na mchana, ngo ngo ngo, aligonga sahani.

Usiku wa nane wa maji akashindwa. Hakutaka kuchungulia, hapana, alitaka kushukuru tu. Akasimama nyuma ya mlango na mtoto begani kama nilivyowaambia mwanzo, anajiuliza malaika husalimiwaje. Hakufundishwa. Kidato cha nne alifika, mafundisho ya kipaimara alipata, lakini hakuna aliyemfundisha malaika husalimiwa vipi. "Bwana asifiwe" ni salamu ya watu na watu. "Habari za usiku" haikuwa na adabu. Akatafuta kichwani salamu kubwa kuliko zote alizo nazo, ile aliyopewa na mama yake kabla hata ya kujua kuvaa viatu, akapiga magoti hapo hapo sakafuni akasema polepole kwenye ufa wa mlango,

"Shikamoo."

Maji yakanyamaza.

Sasa mnajua jambo moja, wapendwa. Mtu mzima wa kwetu anaweza kunyimwa nyumba akanyamaza. Anaweza kuitwa kwa bati akanyamaza. Lakini mtu mzima wa kwetu hawezi kuachia shikamoo idondoke chini. Itamtoka tu marahaba, hata akiwa usingizini, hata akiwa amejificha. Na nje ya mlango, gizani, sauti ikajibu kabla haijajizuia,

"Marahaba, mwanangu."

Haikuwa sauti ya mbinguni. Ilikuwa sauti ile ile iliyomwimbia mtoto majina ya ukoo.

Akakisukuma kinu, akafungua komeo bila hata kuinuka. Mama mkwe alikuwa ameshapiga hatua nyuma, kanga imefungwa puani na mdomoni, kanga nyingine imesokotwa kata kichwani, ndoo mkononi, na mguu wa kushoto umevimba kama mgomba, unang'aa kwa maji yaliyomwagikia. Akanyoosha mkono kumzuia asisogee.

"Baki hapo hapo. Siku zangu hazijaisha. Na huyo mtoto mfunike."

"Mama, ni wewe?"

"Ulidhani nani?"

"Nilidhani malaika."

Mama mkwe akacheka, akacheka mpaka akakohoa kidogo nyuma ya kanga. Akasema malaika hana mguu kama huu, angekuwa nao angeomba uhamisho. Kisha akaeleza, kwa kifupi, kama mtu anayeeleza alikonunua chumvi, kwamba usiku ule mwingine alisikia kupitia upenyo wa juu, maji yameisha na hakuna wa kuchota. Akaona saa saba mgao unapotoka na watu wa kwanza wakishaondoka, bombani hakuna wa kumwogopa. Ndoo kamili hakuiweza, kwa hiyo alibeba nusu nusu, safari sita kila usiku, kupanda na kushuka. Mpini wa ndoo alikuwa anausugua kwa jivu kwanza.

Mama kijana alikuwa bado yuko magotini, na sasa hakuweza kuinuka, kwa sababu alikuwa amekumbuka. Kama mkwe alisikia lile la maji, basi alisikia na lile lingine. Yalisemwa usiku mmoja, kwa pumzi moja.

"Mama," akasema, "ulisikia yote?"

"Uliomba mambo mawili," akasema mama mkwe. "La maji nikaliona liko ndani ya uwezo wangu. Hilo jingine nikamwachia mwenyewe." Akaitua ndoo chini. "Naona mpaka leo bado anafikiri."

Wapendwa, sisi tuliopitia mwaka ule tunasimulia sana jinsi Mungu alivyotuvusha, na ni kweli alituvusha, mimi nikikumbuka natetemeka hata sasa. Tunasema aliponya, aliruzuku, alilinda. Lakini tumewahi kuuliza maji yalikuja kwa kichwa cha nani? Tunainua macho juu kutafuta mabawa, na muujiza wetu unaburuta mguu uani, tunaugongea sahani. Tunaomba, "Bwana nipe," na kwa pumzi hiyo hiyo tunaomba, "Bwana mwondoe," na hatujui kwamba yule wa "mwondoe" ndiye aliyekwisha kuamka saa saba kwenda kuleta lile la "nipe." Mungu angekuwa mwepesi wa kujibu maombi yetu yote mawili, ni nani kati yetu angekuwa na maji leo?

Nami nawaambia, Mungu aliyesikia lile ombi la pili na hakulijibu, huyo ndiye ninayemwogopa. Ukimya wake ni mkubwa kuliko muujiza wowote. Tutengane inapobidi kutengana. Tufunge milango inapobidi. Lakini salamu tusiifungie nje, kwa sababu hatujui tunamsalimu nani pale gizani.

Siku ya kumi na nne ilipotimia, mama mkwe aliingia, akaomba beseni, akamwogesha mtoto. Alianza majina ya ukoo pale pale alipoyaachia. Mnanitazama, kisha mnaanza kugeuka. Msigeuke nyuma, mtamwaibisha, hakujua kwamba ningesimulia, na mguu unamuuma kusimama.

Kuna kitu kimoja nilikiruka, nikimalizie hicho tuketi. Usiku ule, kabla mlango haujafungwa tena, yule mama kijana aliuliza swali moja zaidi. Aliuliza kama mkwe atamwambia mwanawe lile alilolisikia. Mama mkwe alikuwa ameshainama kuichukua ndoo, kulikuwa na safari mbili zimebaki. Hakumtazama.

"Ulikuwa unazungumza na Mungu," alisema. "Mimi nilikuwa ng'ambo ya ukuta tu. Sitamwambia mtu mwingine."