Hakuna Mtu Nyumbani

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, maana jambo hili sitaki kulisema kwa kupaza sauti.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, aliishi peke yake huko Makete, kwenye baridi ile ya mwezi wa saba, unaamka umande umeganda juu ya majani. Mwanawe wa pekee alikuwa na kazi nzuri Dar es Salaam. Hakuwa mtoto mbaya. Nalisema mapema, msije mkamhukumu kabla sijamaliza. Aliposikia kwamba mama yake anaingiza jiko la mkaa chumbani ili apate joto, alishtuka. Nani hapa hajawahi kusikia msiba wa mtu aliyelala na jiko la mkaa?

Basi akasafiri mpaka Makete, akaweka kipasha joto cha umeme, na ukutani akafunga kidude cheupe, kidogo kama kisahani cha chai, chenye kitaa kinachowaka. Wanakiita themostati. Kinapima joto la nyumba, kisha chenyewe kinawasha au kuzima kipasha joto bila mtu kukigusa. Na hiki kilikuwa kimeunganishwa na simu ya yule mwana.

"Mama, kikisikia baridi kinawasha," akamweleza. "Ukienda kliniki kinazima, umeme usiende bure."

"Kitajuaje kwamba nimetoka, baba?"

"Kina jicho. Kisipokuona kwa muda mrefu, kinajua hupo."

Na kilisaidia, wapendwa! Jiko likabaki nje. Vidole vya yule mama, vilivyokuwa vimekakamaa kwa baridi, vikakunjuka, akarudia kufuma masweta yake. Kila asubuhi chumba kilikuwa na joto kabla hajaweka miguu chini. Kule ofisini mwana akifungua simu anaona: joto nyuzi ishirini na moja. Roho inatulia. Zamani alikuwa akipiga kila jioni, "Shikamoo mama, baridi ikoje leo?" Sasa apige ya nini? Baridi anaijua. Ikawa mara moja kwa wiki. Halafu ikawa akikumbuka.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, ukaingia ujumbe: *Hakuna mtu nyumbani. Kipasha joto kimezimwa.* Akacheka, akawaonyesha wenzake. "Oneni! Mama katoka, na nyumba yenyewe imejua!"

Alhamisi akafungua tena. Bado hakuna mtu. Nyuzi tisa.

"Bi mkubwa siku hizi anazurura," akasema. "Umeme haujaguswa tangu jana."

Dada mmoja wa meza ya pili akainua kichwa. "Tangu jana? Kwani amelala wapi?"

Yule bwana akaitazama tena simu yake.

"Umempigia?"

Akapiga. Simu inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Akampigia jirani wa mama yake, Mama Tulizo.

"Shikamoo. Mama yangu kasafiri?"

"Marahaba. Asafiri kwenda wapi, baba? Mlango umefungwa tangu jana, mimi nikadhani mmekuja kumchukua."

"Vunja mlango! Tafadhali, vunja sasa hivi!"

Hakukata simu. Alisikia watu wakiitana, akasikia shoka likipiga mbao. Halafu akamsikia Mama Tulizo akipiga ukelele, na ofisi nzima ikausikia.

Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, nyonga imevunjika tangu Jumatano asubuhi. Simu yake iko mezani, haifikii. Alikuwa amelivuta blanketi likamfunika nusu. Pale chini jicho la kile kidude halifiki. Kikatazama chumba, hakikuona mtu, kikazima joto. Kilifanya kazi yake sawasawa kabisa!

Alikuwa hai. Mama Tulizo akamwekea simu sikioni. Mwana analia kama mtoto mchanga, "Mama, nisamehe, mama." Na yule mama, midomo imekauka, akamwambia:

"Usilie, baba. Sikuogopa. Nilikuwa nautazama mwanga wa kile kitaa chake, nikasema, mwanangu ananiona, anakuja."

Ananiona! Mmesikia, wapendwa? Mama yuko chini kwenye baridi, anasema mwanangu ananiona. Na mwana kaona nini? Kaona umeme haujaguswa.

Alitibiwa, anatembea kwa magongo. Kile kidude bado kiko ukutani na bado kinamfaa. Msitoke hapa mkasema mchungaji kakataza mitambo. Mtambo ulisema ulichokiona. Aliyepaswa kushtuka alifurahi.

Na sisi? Sisi ambao hatuna hata kipasha joto? Jirani hagongi tena kuomba chumvi, tunasema afadhali, katulia. Ndugu aliyekuwa akitusumbua kwa simu yuko kimya mwezi wa pili, tunashukuru. Mwenzetu haonekani kwenye benchi hili, tunasema leo tumekaa kwa nafasi. Tumeambiwa hakuna mtu, na habari ikatupendeza! Ni nani kati yetu aliyeinuka kwenda kutazama?

Kwaya, msisimame kwanza. Wakati nasema haya kuna mtu amekujia moyoni. Huyo huyo. Toka nje, mpigie. Akipokea, rudi tuimbe.

Asipopokea, usirudi humu ndani. Nenda kwake.