Sukari Iliyoachwa kwa Niaba

Hapo zamani, wakati watawala walipokuwa wengi na wenye busara wachache, alikuwapo mtu mmoja maskini katika mji wa Mtondooni, jina lake Msabaha. Hakuwa na kazi ijulikanayo ila kusema maneno ambayo wenye kazi waliogopa kuyasema. Alilishwa na mkewe, Mwanaesha, aliyepika kashata za nazi na kuziuza sokoni, na jambo hilo halikumtia haya, kwani alimpenda mkewe na alipenda kula.

Mtawala wa mji, Sultani Zahidi, alikuwa mtumwa wa halua. Aliila asubuhi kabla ya kunawa uso, akaila mchana juu ya biriani, na alipolala, sinia ililala ubavuni pake. Basi ikawa akashikwa na kiu isiyokatika, kidonda cha mguuni kikakataa kupona, na sisimizi wakaandamana kwenye chombo chake cha haja ndogo. Tabibu akaitwa, akatazama, akasema, "Bwana wangu, hii ni sukari. Ipunguze, ama mguu utakuaga."

Sultani akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Ndipo Waziri Badi, mtu wa kilemba kizito na rai nyepesi, akainama na kusema, "Bwana, mgonjwa si huhijiwa na mtu mwingine, na thawabu zikamfuata kitandani? Basi raia na waache sukari kwa niaba yako."

"Umenena kweli!" baraza zima likaitikia, kwa kuwa wote walikuwa wakila kwa Sultani.

Mbiu ya mgambo ikalia: sukari marufuku mjini, isipokuwa jumbani. Watoto wakanywa uji mtupu, harusi zikapita bila kaimati, na Mwanaesha akakamatwa na sinia yake ya kashata, akatiwa gerezani.

Msabaha akaenda jumbani bila kualikwa. "Sabalkheri, bwana wangu. Nimemfuata mke wangu."

"Mkeo ndiye anayeniua," akasema Sultani, halua ikimng'aa kidevuni. "Watu wananiachia sukari, yeye anawauzia kashata! Atatoka siku nitakapopona. Nawe mwenye maneno, niponye basi. Ila halua siiachi. Ukishindwa, ataozea humo humo."

Watu wakacheka. Msabaha hakucheka. Alijua kifua cha Mwanaesha kilivyokuwa kibovu, na kuta za gereza lile zilivyokuwa zikitoka maji. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Nitakutibu kwa dawa ya Waziri wako. Haina kasoro, ila imetumiwa nusu. Apa mbele ya baraza kwamba hakitapita kitu kinywani mwako. Mimi nitakula na kunywa kwa niaba yako, halua pia, mpaka utakapoikataa dawa kwa ulimi wako mwenyewe."

"Hilo tu?" akasema Sultani, akaapa.

Kulipokucha, ikaletwa mikate ya mofa, samli, halua na kahawa. Msabaha akakaa kitako, akala taratibu mpaka sinia ikabaki inang'aa. "Waonaje, bwana? Umeshiba?"

"Nishibe nini, nawe ndiye uliyekula?"

"Vuta subira. Hija nayo ni safari ndefu."

Adhuhuri ikaja biriani. Msabaha akala, akalegeza shuka kiunoni, akamshukuru Mungu kwa niaba ya Sultani. Waziri alipojaribu kupenyeza tende mkononi mwa bwana wake, Msabaha akamkazia macho. "Vipi, Waziri? Wataka bwana avunje kiapo kwa dawa uliyoitunga wewe?"

Hata alasiri kiu ikamshika Sultani, ile kiu ya maradhi yake, ulimi ukamganda kinywani. Msabaha akainua gudulia la maji baridi, akaanza kunywa. Sultani akaruka na kumpokonya. "Lete hapa, mbwa wee! Tangu lini koo la mtu likakata kiu ya mwingine?"

 Gudulia halikufika kinywani, kwa kuwa Sultani alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

"Kunywa, bwana," akasema Msabaha. "Dawa umeikataa mwenyewe, na sababu umeitaja mwenyewe. Mji mzima umekunywea uji mtupu, na kidonda chako hakikupata habari."

Sultani akanywa, akaamuru halua itolewe jumbani, mbiu ifutwe, na mwanamke afunguliwe. Mwanaesha akaletwa barazani, amekonda, anakohoa. Sultani akatazama zulia. "Waziri," akasema kwa sauti ndogo, "mwombe radhi mama huyu kwa niaba yangu."

Waziri akafungua kinywa. Mwanaesha akamwinulia kiganja. "Funga, Waziri. Aliyenitia ndani ana mdomo wake, na mji mzima umeuona ukila."

Basi ikawa Sultani akashuka kitini, akaburura mguu wake mbaya mbele ya wote waliozoea kumsifu, akasimama mbele ya muuza kashata, akatafuta neno ambalo hakuwahi kulitamka maishani mwake. Akakawia sana kulipata, wala hakuna aliyemsaidia.