Nguzo ya Bi Mwanamize

Bi Mwanamize alipohamia nyumba mpya, aliomba simu ya mezani. Meneja wa simu akamwambia alipie nguzo tisa, kuanzia nyumbani kwa meneja mwenyewe, waya ulikoishia, kila moja kwa bei ya ng'ombe.

"Nikiilipia, nguzo ni yangu?"

"Yako, hata ukiivisha kanga!"

Akauza bangili, akalipia ile ya kwanza tu. Ikasimikwa dirishani kwa meneja.

Keshoye meneja aliamka akiziba pua. Papa watatu waliotiwa chumvi walining'inia nguzoni, nzi wakifanya arusi.

"Bibi, uvundo gani huu?"

Akaonyeshwa risiti. "Nguzo yangu haina kazi nyingine, mwanangu."

Siku ya tatu nguzo nane zilisimikwa bure, na simu ya Bi Mwanamize ikalia.

"Bibi, sasa njoo uwaanue papa wako!"

"Bado hawajakauka."