Sigara ya Kupumzikia

Hapo zamani, kokoto zilipokuwa bado zikipondwa kwa nyundo pale kilimani, Siwema alikuwa amekaa na ungo akichambua mchele uliojaa changarawe. Skola akaingia uani bila hodi.

"Mama Rehani, Mkude kavuta."

Siwema aliendelea kuchambua. Watoto watatu walikuwa wanasubiri kula. "Ngapi?"

"Moja. Kaimaliza yote."

Siku thelathini na nane. Siwema alizichora kwa mkaa ukutani, moja moja, tangu Mkude, mumewe, aache sigara. Daktari wa mjini alisema mapafu yale akiyaongezea moshi, hatauona mwaka mwingine. Skola, mhudumu wa afya wa kujitolea, ndiye aliyemletea vibandiko vya dawa, vya kubandika begani ili kupunguza hamu ya sigara.

Lakini machimbo ya kokoto alikoponda Mkude yalikuwa na sheria yake. Anayevuta anakaa mpaka sigara yake iishe. Asiyevuta anaponda. Wengi pale walijifunza kuvuta ili wapate kukaa.

Jioni alikuja Ligola, nyapara wa machimbo na kaka yake Siwema, ambaye hakuwa na mke na alikula pale kila siku. Mkude akaingia nyuma yake, anakohoa, ananuka moshi.

"Kaka," alisema Siwema, "na wewe unakuja kunawa mikono ule, na Mkude kavuta mbele yako?"

"Usinianze, dada. Sheria ni ya mwenye machimbo. Nimemkuta shemeji kakaa, sigara kavu mdomoni, haijawashwa, wenzake wanamcheka, 'Mtoto ananyonya!' Nikimwacha akae bure, kesho kilima kizima kimekaa, na mimi nafukuzwa. Nikamwambia, washa au inuka. Nikampa kiberiti."

"Na sigara kaitoa wapi?" aliuliza Skola.

Siwema aliweka mwiko chini. "Kwangu. Alikuwa anarudi miguu imevimba, hata viatu havivuliki. Nikampa moja, nikamwambia, iweke mdomoni tu, upate kukaa. Akipita nyapara, geuka. Wiki mbili kaishika hiyo hiyo moja, Skola. Wiki mbili hakuiwasha! Dawa yako ilikuwa wapi leo?"

Skola alitazama mikono yake.

"Vilikuja vibandiko vya mtu mmoja. Waliojiandikisha walikuwa wawili, yeye na mama mmoja wa kule bondeni. Ningemwambia nani nenda ukafe? Nikavikata nusu nusu kwa mkasi. Leo zahanati wameniambia havikatwi, vinaharibika."

"Kwa hiyo ulimbandika plasta," alisema Ligola.

"Na wewe ulimbandika moto!"

"Basi," alisema Mkude. "Msinigawane kama nyama ya shughuli. Mkono ni wangu, mdomo ni wangu. Ningeweza kuinuka nikaponda." Kikohozi kikamkamata, wakakisubiri kiishe. "Ila niwaambie kweli. Nilipoiwasha nilifurahi. Siku thelathini na nane, leo ndiyo nimekaa bila kuchungulia nani anakuja."

Siwema alimsogezea kata ya maji.

"Kesho nitakaaje?" aliuliza. Alimtazama mkewe, akamtazama shemeji yake, akamtazama Skola.



Siwema alipakua. Wali kwenye sinia, maharage juu, chumvi pembeni. Akahesabu vichwa kama alivyohesabu kila jioni, maana kilima kile kilishawahi kurudisha watu pungufu. Watoto watatu. Skola. Kaka yake. Mumewe. Yeye mwenyewe. Saba. Wote wapo. Mwaka unaofuata hakuuhesabu.

Wakala kwenye sinia moja, aliyetoa sigara, aliyekata dawa, aliyetoa kiberiti na aliyevuta, na mikono yao ikagongana katikati.

Haya, nyinyi mliopata nafasi ya kukaa mkanisikiliza: je, nani aliiwasha sigara ile?