Kamati ya Darubini

Methali isemayo mchagua jembe si mkulima haimkatazi mtu kutaka jembe zuri. Jembe bovu nani analitaka? Inachokanya ni ile tabia ya kuzunguka dukani mvua ikinyesha, ukipima mpini huu na ule, huku wenzako wamekwisha kupanda na magugu ya shambani mwako yanakufika kiunoni. Mkulima hujulikana shambani, hajulikani dukani. Anayebisha na asikilize yaliyompata Tobias wa Bowie, kule Marekani.

Tobias alikuwa mtu mwema, hilo tulimalize mapema. Alifanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya serikali, aliimba besi kanisani na hakuna jirani aliyewahi kugombana naye. Ila kuchagua kulimshinda. Birika la umeme tu lilimchukua majuma, maana kila alipolipenda moja alisoma malalamiko ya mtu fulani asiyemjua, akarudi nyuma. Mkewe Serah alimtania kwamba hata uchumba yeye ndiye aliyeuharakisha. La sivyo, mume wake angekuwa mpaka leo anasoma maoni ya wateja.

Serah mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya usiku miaka mingi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwageuza vitandani, akawaogesha, akawalisha, mpaka mgongo wake ukaanza kumdai. Ndipo wakanunua kipande cha shamba kusini mwa Bowie, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, naye akaiaga zamu ya usiku akaanza kufuga mbuzi. Ilikuwa akili njema. Wakenya na Watanzania wa pande zile hawafungi harusi wala hawamalizi matanga bila mbuzi, na mbuzi aliyelelewa na mtu unayemjua ana ladha nyingine kabisa. Haukupita muda mrefu, jina la Mama Ethan, kama watu walivyomwita Serah kwa mwanawe, likajulikana mpaka ng'ambo ya mto, huko Alexandria. Serah alinawiri. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie Marekani alikuwa analala usiku kama binadamu wengine.

Kisha wakaja koyoti. Huyu ni mnyama wa ukoo wa mbweha, mwembamba, mwenye akili za mwizi wa mjini, na hupita hata nyuma ya nyumba za watu matajiri asionekane. Walianza na kitoto kimoja cha mbuzi, wakakipenda, wakarudi. Serah aliinua uzio, wakachimba chini yake. Alitundika taa, wakaizoea kama wateja wa hoteli. Bunduki ilikuwapo. Tobias na mkewe walikuwa wamehudhuria pamoja mafunzo ya wawindaji, leseni walikuwa nazo, na sheria za kulinda mifugo gizani Tobias alikuwa amezisoma mpaka nukta ya mwisho. Kilichokosekana ni darubini ya kufunga juu ya bunduki, ili mtu aone usiku anachokilenga.

Hapo ndipo ugonjwa wake ulipopata chakula. Aligundua kwamba darubini za gizani ni za aina mbili. Ya kwanza huona joto: mnyama hung'aa kama kaa la moto hata akiwa nyuma ya majani au ndani ya ukungu, lakini sura yake huioni vizuri, na mbwa wa jirani anaweza kufanana na mwizi. Ya pili hukuza mwanga mdogo uliopo, nayo hukuonyesha macho, masikio na mkia, ila ukungu ukishuka inapofuka, na giza likizidi inataka taa yake maalumu. Asubuhi Tobias aliamka akiwa mtu wa joto. Jioni alilala akiwa mtu wa mwanga. Kesho yake akaanza kuuliza habari za betri kwenye baridi, uzito, upana wa kioo na miaka ya dhamana.

Aliposhindwa kabisa alifanya kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Aliuliza kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani. Jamani, watu wetu wa kule ukiwauliza jambo, hata kama ni kusogeza kochi, hawakujibu. Wanaunda kamati. Kabla ya saa ya chakula Ndirangu, mwenye nyumba kubwa kule Bowie na sauti kubwa kuliko nyumba, alikuwa amekwisha kuwa mwenyekiti. Katibu alipatikana, na mweka hazina pia, ingawa hazina haikuwapo. Kamati ya Darubini ikawa inakutana kila Jumamosi sebuleni kwa Ndirangu: maombi ya kufungua, chai na mandazi, kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, maombi ya kufunga. Miongoni mwao hakuna aliyewahi kuwinda hata panya.

Isipokuwa mmoja. Leonard, Mtanzania wa Alexandria aliyefanya kazi hotelini, alikuwa na kawaida ya kwenda kuwinda mashambani Virginia na wenzake wa kazini. Katika kikao cha pili alitoa mfukoni darubini yake kuukuu, ya ile aina ya joto, akamwambia Tobias aichukue aitumie mpaka apate yake. Picha yake, alikiri, si nzuri sana, lakini mnyama utamwona. Tobias aliigeuza huku na huku, akachungulia, akashukuru kwa adabu, akamrudishia. Alisema picha ina ukungukungu na kwamba ingefaa kuisubiri ripoti ya kamati. Leonard aliirudisha mfukoni. Alichukua andazi.

Wakati wajumbe wanajadili upana wa kioo, koyoti hawakuwa na kamati. Kila juma lilipoisha, zizi lilikuwa limepungua. Serah aliuliza, akajibiwa kwamba wamekaribia. Aliuliza tena, akaambiwa kuna aina mpya inayotoka karibuni. Mwishowe akaacha kuuliza, na mwanamke akiacha kuuliza, baba, jua mambo yameharibika.

Jumamosi moja ya Desemba Tobias alifika shambani asubuhi, kabla ya kwenda kikaoni, akamkuta mkewe ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kitambaa cha kichwa mkononi. Kando ya kijito alikuwa amelala Bibi Harusi, yule mbuzi mweupe aliyezaa nusu ya kundi, ameraruliwa tumbo, na mimba yake ikaenda naye. Serah alikuwa amelia mpaka amemaliza. Alimweleza mumewe kwa sauti kavu kwamba amempigia simu mtu wa kununua mbuzi wote, naye atakuja Jumamosi ijayo. Kwenye nyumba ya wazee pia amepiga simu. Zamu ya usiku bado ipo, na wamesema wanamkaribisha.

Tobias alianza kusema kwamba kikao cha leo huenda kikawa cha mwisho.

"Baba Ethan," Serah alimkatiza, "wewe huchagui darubini. Unaogopa kukosa shabaha, na mtu akiwa bado anachagua hawezi kukosa."

Maneno hayo yalimwingia barabara. Bunduki ile alikuwa ameipiga kwenye uwanja wa shabaha tu, mchana, akiilenga karatasi.

"Naogopa, Mama Ethan," alisema. "Naogopa kweli."

"Basi ogopa ukiwa umekaa pale bandani. Mimi nitakaa kando yako."

Tobias hakwenda kikaoni. Alipiga moyo konde, akaendesha gari moja kwa moja mpaka Alexandria, akamngoja Leonard atoke zamu, akamwomba ile darubini kuukuu bila kuiulizia kioo wala betri. Aibu ilimjaa, lakini Leonard alikuwa muungwana. Alimwambia tu, "Twende kaka, jua lisituache," akafuatana naye mpaka uwanja wa shabaha. Wakaifunga juu ya bunduki, wakaipima na kuirekebisha mpaka risasi ikaenda jicho lilikoelekea.

Giza la Desemba huingia kule watu wakiwa bado na vikombe vya chai ya jioni. Mbuzi waliobaki, ambao sasa banda liliwatosha wote, walikuwa wamefungiwa ndani. Tobias na Serah waliketi juu ya marobota ya nyasi mlangoni mwa banda, blanketi moja mabegani. Ndani ya darubini dunia ilikuwa ya kijivu, na kila chenye uhai kilikuwa doa jeupe. Si muda, doa moja likatokea upande wa barabara. Tobias alishusha pumzi, akalenga. Masikio hayakuonekana wala mkia, na ukungukungu aliousema ulikuwapo kweli.

Alimpa Serah achungulie. Serah alitazama kidogo, akanong'ona kwamba huyo ni mbwa wa jirani, anajua kwa jinsi anavyokata moja kwa moja kuelekea mlangoni kwao, na anavyosimama kwenye kila nguzo kuinua mguu. Mwizi haendi hivyo. Tobias aliondoa kidole kwenye kifyatulio. Mbwa akaenda zake kulala. Tobias alielewa kwamba hakuna darubini duniani ambayo ingemjua mbwa yule kuliko Serah aliyemwona kila siku.

Baadaye, kule kijitoni, yakaja madoa matatu. Yalikuja yameinama, yametawanyika, yakisimama na kusikiliza, yakapenya mahali uzio ulipokutana na maji. Ndani ya banda mbuzi walinyamaza wote.

"Hao ndio," alinong'ona Serah, akamwekea mkono mgongoni.

Tobias alihakikisha kwamba nyuma yao ni ukingo wa udongo, risasi isije ikasafiri mbali. Alikuwa bado anaogopa, na hofu ile hakuingoja imtoke. Alifyatua. Doa moja likaanguka, mengine yakapotea msituni, na Tobias akaiweka bunduki chini, akamwegemea mkewe kama mtoto aliyetolewa majini.

Kesho yake mchana waliziba kwa mawe na waya ule upenyo wa kijitoni, ambao kwa siku zote hizo hawakuujua. Jioni walikaa tena, na jioni nyingine. Aliwahi kukosa mara moja, akaona kwamba kumbe mtu hukosa na bado anaamka mzima. Koyoti wa pili alipoanguka, waliobaki walitafuta riziki kwingine.

Ilipokaribia Jumamosi Serah alipiga simu mbili. Alimwomba radhi mnunuzi kwamba hauzi tena. Nyumba ya wazee aliishukuru, akawaambia hatakuja, na alipoikata simu ile alicheka peke yake, akajifuta macho.

Jumamosi yenyewe mbuzi mmoja alizaa pacha. Tobias alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, kitoto kimoja kikiwa kimelowa kifuani mwake, simu ilipolia. Alikuwa Ndirangu. Mwenyekiti alitangaza kwa furaha kwamba wajumbe wamezipunguza darubini mpaka zimebaki mbili, moja ya joto na moja ya mwanga, na kwamba kinachohitajika sasa ni kikao kimoja tu cha ziada, au viwili.

Tobias alimtazama mkewe, aliyekuwa anamkausha yule pacha wa pili kwa kanga yake kuukuu huku akimwimbia.

"Mwenyekiti, kamati ivunjwe," alisema. "Karibuni mle chakula, shamba limeshalimwa."

Ndirangu akauliza ni darubini gani hatimaye iliyochaguliwa. Tobias akacheka, akamjibu kwamba hakuna iliyochaguliwa, alichukua iliyokuwapo, na sasa ameamini kwa macho yake kwamba mchagua jembe si mkulima.