Kocha Aliyemsaka Msaliti

Hii nimesukumiwa, nami naisukuma mbele. Kama una bosi wa kufoka, anza na yeye.

Kocha Mwasomola alifundisha mpira wa kikapu chuoni miaka kumi na mitano, vikombe vikajaa kabati. Ndipo klabu moja ya kulipwa ikamchukua.

Akaenda na begi lake na maneno yake mawili. Akiita "Ugali!", wachezaji waingie chini ya kikapu wafunge kwa karibu. Akiita "Mboga!", warushe kwa mbali.

Fainali ya mechi tano dhidi ya timu moja, jamani, ikawa balaa. Akiita "Ugali!", wapinzani wameshajaa chini ya kikapu. Akiita "Mboga!", wako kule mbali, mikono juu, wanamsubiri mrushaji. Mechi mbili, vipigo viwili. Uongozi ukamwambia wazi: ukifungwa ya tatu, fungasha virago.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" alifoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Humu ndani kuna msaliti!"

Nahodha wake, Gwakisa, akanyoosha mkono. "Kocha, tungebadilisha yale maneno..."

"Hebu koma! Unanifundisha kazi? Jana nilikuona ukicheka na wale jamaa. Leo unakaa benchi!"

Gwakisa akakaa. Timu ikachapwa kwa tofauti ya pointi ishirini.

Hasira zimemjaa, Mwasomola akamfuata kocha wa wapinzani. Huyo alikuwa Anyosisye, mwanafunzi wake wa zamani kule chuoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kazi ndiyo imeshaota mbawa. Niambie ukweli tu, nani alikuwa anakuletea siri zetu?"

Anyosisye akashangaa. "Ah, Mwalimu! Si nimekula huo ugali wako miaka mitatu? Maneno ni yale yale, na unayapigia kelele mwenyewe. Ukumbi mzima unasikia!"

Mwasomola alitamani ardhi ipasuke immeze. Akageuka mbio kumtafuta Gwakisa amwombe radhi.

Benchi lilikuwa tupu. Jezi namba saba ya nahodha ilikuwa imekunjwa vizuri juu yake, na mwenyewe ameshaondoka.

Funzo: Mdomo uliponza kichwa. Kabla hujamwita mwenzio msaliti, sikiliza kwanza unachokipigia kelele mwenyewe.